Mzio ni wa Wenye Nyumba

Kwenye familia niliyoolewa, mzio ni cheo. Msidhani natia chumvi. Kuna familia zinazojivunia mashamba, kuna zinazojivunia watoto waliosoma. Wakwe zangu walijivunia vyakula wasivyoweza kula. Siku nilipopelekwa kutambulishwa, hata soda sijafunguliwa, nilishahadithiwa matumbo yao wote kama vile nimekuja kuyanunua.

Baba mkwe, mzee mtaratibu ambaye nadhani aliacha kubishana siku ileile aliyofunga ndoa, alikuwa na mzio wa maharage. Ukimchimba kidogo unagundua kwamba alikula maharage ya bweni miaka yote ya shule mpaka akayachukia, basi. Kukinai nako kukapewa jina la kidaktari. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, dume zima na ndevu zake, alikuwa na mzio wa sabuni ya vyombo. Ya vyombo tu. Sabuni ya kuogea, ya kuoshea gari lake, ya kufulia jezi zake za mpira, hizo mwili wake haukuwa na ugomvi nazo. Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba, alipata mzio wa ngano mwezi uleule aliojiunga na mazoezi ya kupunguza mwili, akawa anapita mbele ya mkate kaziba pua kama anapita jalalani. Na mama mkwe mwenyewe alikuwa na mzio wa kiini cha yai, lakini kiwe kimepikwa na mtu mwingine. Akikipika yeye kinashuka salama salimini.

Huyo mama mkwe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni. Amestaafu, lakini aliyestaafu ni yeye, tabia bado iko kazini. Nyuma ya mgongo wake wote tunamwita Mwalimu Mkuu, hata mume wake. Jumapili mchana familia nzima lazima ikusanyike kwake kula, na kabla ya kukaa mezani simu zote na mikoba yote inakusanywa, inafungiwa kwenye kabati la vyombo vya wageni, ufunguo unaingia mfukoni mwa gauni lake. Anasema mezani hatuji na dunia. Ukichelewa unakula umesimama. Ukibakisha chakula unaulizwa mbele ya watu kama kwenu mlikuwa mnalisha mbwa.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kutwa nzima nakaa pembeni ya mtu asiyejua breki iko wapi, namkabidhi roho yangu, na mguu wangu uko juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu. Kwa hiyo mdomo ninao, hasira ninazo, na kuogopa siogopi ovyo. Lakini karanga naiogopa.

Mzio wangu haukutoka gazetini. Nilikuwa mdogo, nikagawana biskuti na mwenzangu. Yeye akaendelea kucheza, mimi nikabebwa mgongoni nimevimba uso mpaka mama yangu mzazi akanitambua kwa viatu. Nilipokua daktari akanieleza kwa lugha nyepesi. Alisema kuna tumbo kukataa chakula: unajaa gesi, unaharisha, unanuna, kesho umeamka. Ndiyo yale ya watu wengi na maziwa. Halafu kuna mwili kukiona chakula kama jambazi, ukaanza kupiga risasi ovyo ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mimi ni wa risasi. Ndiyo maana mkobani mwangu haikosekani sindano ya dharura, ile yenye umbo la kalamu nene, unaichoma pajani kisha unakimbizwa hospitali. Na ndiyo maana kwenye nyumba za watu nakwenda na chakula changu kwenye kopo.

Wenye shida za kweli nawajua, na wengi wao wala hawana kelele. Nina mwanafunzi wangu mmoja, fundi bomba, ambaye akila ngano mwili wake unageuka kuupiga utumbo wake mwenyewe. Alikonda, akaishiwa damu, akanyweshwa dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo, wengine wakamwambia karogwa, mpaka akapatikana daktari wa kumpima. Yule baba anaweza kupita nje ya duka la mikate akavuta harufu na machozi yakamlengalenga. Hajamtangazia mtu. Saa yake ikifika anafungua kopo lake, anakula, tunaendelea na gia.

Basi siku hiyo ya kutambulishwa, baada ya kusikiliza matumbo ya watu, na mimi kwa adabu zote nikasema, "Samahani Mama, na mimi nina mzio. Wa karanga."

Wote walinigeukia. Ungedhani nimekalia kiti cha baba mkwe.

"Wa karanga," akasema Mwalimu Mkuu. "Tangu lini?"

"Tangu utotoni, Mama."

"Aliyethibitisha ni nani?"

"Daktari."

"Daktari," akarudia, kwa sauti ya mtu anayesoma jina la mtoro. Kisha akakisukuma pembeni kiini cha yai kilichokuwa kwenye sahani yake, akatikisa kichwa, akasema, "Siku hizi kila mtu ana mzio. Imekuwa fasheni."

Nilimtazama, nikakitazama kile kiini, nikameza mate. Ndio kwanza nilikuwa nachumbiwa.

Baada ya harusi ndipo wifi yangu aliponipa habari kamili. Wifi huyu ni mropokaji lakini hana roho mbaya, na siri kwake hailali. Alisema mama yao kakasirika. Kasema hata mwaka sijamaliza nimeshataka mzio, tena mkubwa kuliko wa wote, mzio wa kufa, wakati yeye mwenye mji wake ana wa kuwashwa tu. "Mama anasema mzio ni wa wenye nyumba," wifi akaniambia. "Mkwe anakula anachopewa." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikujua kwamba Mwalimu Mkuu hatanii.

Tatizo la Mwalimu Mkuu ni kwamba maisha yake yote ya kazi alikuwa mkamata waongo. Hadithi yake kubwa, tunayoipata kila Jumapili kama chumvi, ni ya chupa ya dawa chungu. Mwanafunzi akijidai ana homa siku ya mtihani, anaitwa ofisini, anafunguliwa chupa, anaambiwa fungua mdomo. Wale waongo wanapona kabla kijiko hakijafika. "Sijawahi kukosea," anasema, na anapiga meza. "Dawa ya mwongo ni kumpa kile anachokisema." Kila akifika hapo ananiangalia mimi na kopo langu.

Kopo langu lilimkera kuliko kitu chochote. Kila Jumapili nilikaa mezani kwake nikalifungua, nikala wali wangu, na kila Jumapili akasema kitu. Mara, "Wengine chakula chetu ni sumu." Mara, "Mpitishieni maji, kama na maji hayana karanga." Shemeji anacheka na vyombo vyake asivyoviosha. Baba mkwe anakohoa. Na mume wangu?

Mume wangu ni fundi miwani. Anakata vioo, anavisugua, anawafanya watu waone. Mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na upole huo ndio ulionivuta, maana mimi kwetu tumekulia kwenye kelele. Lakini kuna upole wa mtu mwema na kuna upole wa mtu asiyetaka kuchagua. Kila tulipotoka kwa mama yake nikiwa nimefura, yeye anasema, "Mvumilie, ni mama." Nikimwuliza, "Wewe unaniamini lakini?" anajibu, "Sasa nisikuamini kwa nini?" Jamani, hilo si jibu. Mtu akikuuliza kama breki inashika humjibu kwa swali.

Jumapili yenyewe ilianza vizuri. Naandaa kopo langu, mume wangu akaja jikoni, akanishika bega.

"Leo usibebe," akasema. "Mama amepika kwa ajili yako. Anataka yaishe."

"Na karanga?"

"Ameniapia. Haijaingia jikoni kwake wiki nzima."

"Ameapa?"

"Ameapa, mke wangu. Mpe nafasi."

Nililiacha kopo mezani. Msinicheke. Mtu ukiolewa kuna siku unachoka kuwa mgeni, unatamani na wewe upakuliwe kama wengine, ugombezwe kama wengine, hata ushonwe mdomo kama baba mkwe. Njiani nilikuwa na furaha ya kitoto.

Tulipofika, simu na mikoba ikakusanywa, kabati likafungwa. Mwalimu Mkuu alinikumbatia. Kunikumbatia! Akasema, "Leo nakupakulia mwenyewe," akaingia jikoni, akarudi na sahani yangu mikononi: wali, mboga za majani, na kuku kwenye mchuzi mzito wa nyanya. Wengine walijipakulia kwenye bakuli la mezani. Yangu ilitoka jikoni imeshajaa. Mimi mjinga nikaona hiyo ni heshima.

Wifi alichelewa kukaa. Alitokea upande wa stoo anajifuta mdomo, akakaa mbele yangu, akaikazia macho sahani yangu, akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akainama. Nikadhani wamegombana. Mume wangu naye alikuwa anachezea kijiko. Mtu ambaye kwa kawaida sufuria hubaki inang'aa bila kuoshwa, siku hiyo hakutia kitu mdomoni.

Nikala. Mchuzi ulikuwa mtamu, sitamnyima haki yake. Ulikuwa na kitunguu saumu na pilipili ya kutosha kuficha hata maiti. Nilikula nikasifu, nikala tena. Midomo ikaanza kunichonyota, nikasema ni pilipili. Masikio yakawasha kwa ndani. Viganja vikawasha. Nikaacha kijiko.

Hapo ndipo Mwalimu Mkuu aliposimama, akagonga glasi.

"Kabla ya matunda," akasema, "nina matokeo."

Alikuwa amejiandaa. Alifunga mikono mbele ya tumbo kama yuko gwaride. Akasema yeye hapendi kumwaibisha mtu, lakini ukweli ni ukweli. Akasema kwa muda mrefu nyumba hii imesumbuliwa na mzio ambao hakuna aliyewahi kuuona. "Leo nimeweka kijiko kizima cha karanga za kusaga kwenye sahani ya mke wa mwanangu. Amekula. Amesifu. Na huyo hapo amekaa, anatabasamu."

Sikuwa natabasamu. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba, ikajivuta yenyewe.

Shemeji alipiga makofi. Kweli kabisa, alipiga makofi.

"Mkoba," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, haikuwa yangu. "Mkoba wangu. Sindano."

"Tulia hapo," akasema Mwalimu Mkuu. "Wote ndivyo walivyo. Akishakamatwa, kitu cha kwanza anaomba ruhusa ya kutoka."

"Mama," baba mkwe akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimkatiza, "hebu angalia uso wa huyu mtoto."

"Anajibana pumzi. Nimewaona wengi. Mwache, atachoka."

Koo lilikuwa linafunga. Sijui nielezeje. Unavuta hewa na hewa iko, chumba kimejaa hewa, wenzako wanaivuta bure, lakini kwako inapita kwenye tundu la sindano. Nikainuka, nikayumba, nikashika kitambaa cha meza na glasi zikaanguka. Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amesimama nusu. Magoti yamekunjika, mkono mmoja mezani, na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anamwangalia mama yake, anangoja ruhusa.

Nilikasirika. Watu husema ukikaribia kufa unaona maisha yako yakipita. Mimi niliona hasira tu. Nilitamani nipate pumzi moja, moja tu, nimtukane.

Aliyepiga kelele ni wifi.

"Mama, mpe ufunguo! Anakufa huyu! Umetia vijiko viwili, si kimoja, nilikuona!"

"Uliniona wapi wewe?"

"Stoo! Nilikuwa stoo, mlango uko wazi!"

"Stoo ulikuwa unafanya nini?"

Na wifi yangu, Mungu amjalie, akafunga macho akasema, "Nilikuwa nakula keki."

Makubwa! Hapo ndipo nyumba ilipopigwa na bumbuwazi la kweli. Mimi niko sakafuni sasa, nimelala ubavu kati ya miguu ya viti, nakoroma kama birika, na juu yangu nasikia Mwalimu Mkuu, kwa uchungu ambao hajawahi kunionyesha mimi, akisema, "Keki? Keki ya ngano?"

"Ya ngano, Mama. Na siagi. Kila Jumapili nakula. Ufunguo!"

"Yaani tunakupikia unga wako peke yako," akaingilia shemeji, "kumbe..."

"Wewe nyamaza, mzio wa sabuni!"

"Nani amesema sina..."

"Mtoto wangu mwenyewe," Mwalimu Mkuu anasema, amejishika kifua, "mtoto wangu mwenyewe ananidanganya mezani kwangu." Nawaapia, alikuwa karibu kulia. Walibishana kuhusu keki juu ya mwili wangu. Kama ningekufa, maneno ya mwisho kuyasikia duniani yangekuwa siagi.

Wifi hakungoja ruhusa. Alimvamia mama yake, akamtia mkono mfukoni, mfuko ukachanika, ufunguo akaupata. Kabati likafunguliwa, mikoba ikamwagika, nikaona vidole vyake vyenye makombo vimeishika ile sindano huku anasoma maelezo ya ubavuni kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Toa kifuniko. Shika imara. Paja, upande wa nje. Akaniambia, "Nisamehe wifi," akanichoma juu ya gauni langu zuri kwa nguvu zake zote za mazoezi ya kupunguza mwili.

Hewa ilirudi taratibu, kwa masharti. Walinibeba mpaka kwenye gari la shemeji, kichwa changu mapajani kwa wifi, miguu kwenye magoti ya baba mkwe. Shemeji aliendesha. Hata katika hali ile niliona kwamba alipinda kona mbili bila kuwasha taa ya ishara. Mume wangu alikaa mbele akisema, "Jamani, jamani, jamani," mpaka tukafika.

Nilipewa kitanda cha dirishani, dripu, na mashine ya kupimia moyo. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi mwenye macho ya kuchoka. Alisema nimewahi, lakini nitalala pale, kwa sababu vitu hivi vinaweza kurudi hata baada ya mtu kudhani vimekwisha. Akauliza, "Imekuwaje mtu mwenye mzio unaojulikana akala karanga?"

Kabla sijafungua mdomo wangu uliovimba, Mwalimu Mkuu alishafika. Alikuja na teksi, kabadili gauni. Nilidhani atalia. Nilidhani atapiga magoti, maana hata mimi nina ujinga wangu. Akasogea kitandani, akaniweka mkono kichwani, akamtazama daktari kama mwalimu anayekabidhi mwanafunzi bora kwa mkaguzi.

"Daktari, huyu ni mke wa mwanangu," akasema. "Ana mzio wa karanga. Wa kweli kabisa. Mimi ndiye niliyeuthibitisha."

Daktari alidhani hajasikia vizuri. Akaelezwa. Yote, kwa mpangilio, kuanzia chupa ya dawa chungu mpaka vijiko viwili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kula.

"Mama," daktari akasema polepole, "kumlisha mtu kitu kinachomdhuru ili kuangalia, hilo huwa tunalifanya hapa hospitali, kwa punje ndogo, mgonjwa mwenyewe akiwa amekubali, daktari yuko pembeni na dawa ziko mkononi. Wewe ulikaribia kumuua."

"Kumbe na nyinyi mnafanya hivyohivyo," akasema Mwalimu Mkuu. Uso ulimng'aa. Akamgeukia mgonjwa wa jirani: "Umesikia? Njia ni ileile."

Daktari aliondoka bila kuaga. Nadhani aliogopa kusema neno ambalo lingemfukuzisha kazi. Mwalimu Mkuu akavuta kiti, akaanza kumsimulia jirani kwamba katika familia yao mizio iko kwenye damu, na kwamba huu wangu ndio mkubwa kuliko yote waliyowahi kuwa nayo. Waliyowahi kuwa nayo! Nilishaingizwa kwenye ukoo. Nilichokitafuta kwa miezi yote hiyo nilikuwa nimekipata, na dripu juu.

Baba mkwe alimchukua akamtoa nje. Alimshika mkono tu akasema, "Twende," naye, kwa mshangao wa kila mtu, akaenda. Tukabaki mimi, wifi na mume wangu. Wifi alikuwa amejikunyata mwisho wa kitanda, bado ana kombo la keki kidevuni. Nilimwambia asante. Akalia, akasema angesema mapema, alivyoona sahani tu angesema, ila aliona aibu kwa sababu ya keki. Nikamwambia ndiyo hivyo, aibu ya keki nayo ingeniua, lakini afadhali yeye aliitema.

Kisha nikamgeukia mume wangu.

"Kwa nini hukuwa unakula?" nikamwuliza.

"Lini?"

"Mezani. Hukutia kitu mdomoni."

Akavua miwani yake, akaifuta kwa shati. Aliifuta muda mrefu, fundi mzima.

"Mama alisema ni kidogo tu," akasema. "Alisema kama ni kweli, utawashwa tu, basi, tutakupa dawa na maneno yataisha. Nilichoka kuwa katikati. Nilitaka tu yaishe."

Wifi aliacha kulia, akamtazama kaka yake kinywa wazi.

"Kwa hiyo kopo," nikasema.

Akairudisha miwani machoni. Ameniapia, alisema asubuhi ile, mkono uko begani kwangu. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu. Nimeamka usiku nikamfunika shuka. Mama yake alitaka kunikamata, sawa, ndiyo kazi yake, mwenzangu alikosa wa kukamata tangu astaafu. Lakini huyu alitaka kujua. Miezi yote hiyo ya "sasa nisikuamini kwa nini," alikuwa anajiuliza kweli, na jibu akaenda kulitafuta kwenye sahani yangu. Iliniuma kuliko sindano, iliniuma kuliko koo. Nililia, na uso ulivyovimba hata machozi hayakujua pa kupita.

"Nisamehe," akasema. "Sasa tunajua."

"Tunajua," nikasema. "Mimi nilikuwa najua tangu biskuti."

Muuguzi akaingia na trei. Kijana mchangamfu, hakujua amekatiza nini. Alikuwa na sindano ya mfano, isiyo na ncha, ile ya kufundishia. Akasema kabla sijaruhusiwa kesho ni lazima ndugu mmoja ajue kuitumia vizuri, siyo kusoma maelezo ubavuni wakati mtu anakata roho.

"Nani anakaa naye nyumbani?" akauliza.

Mume wangu akasimama. Safari hii alisimama wima, mzima, mkono juu kama mwanafunzi mwema, na macho yamejaa machozi. Muuguzi akampa ile sindano.

"Muuguzi," nikasema, "mpe huyo binti aliyekaa hapo kitandani, yeye ndiye anayejua paja langu liko wapi. Huyo bwana hakai na mimi. Anakaa kwa mama yake."

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani wa mke na mume. Alimwangalia mume wangu ili wacheke pamoja, kisha akaacha kucheka, akanyoosha mkono, akaichukua sindano yake.